Mzigo wangu wa vitenge umepelekwa Nakuru, na mteja anataka pesa zake

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni fundi cherehani hapa Pipeline, Embakasi. Nina kibanda chini ya gorofa karibu na steji, cherehani mbili na msichana mmoja anayenisaidia kuweka vifungo na kukunja pindo. Sina bango wala tangazo. Mtu anavaa, mwenzake anamuuliza nani kakushonea, naye anakuja. Ndiyo maana jambo hili linaninyima usingizi.

Kwaya ya kanisa moja hapa mtaani ilinipa kazi ya sare za sikukuu ya parokia yao. Walichagua kitenge cha samawati chenye maua ya manjano, wakasisitiza wote wavae mchoro mmoja, wanaume mashati na wanawake magauni marefu ya mikono ya kuvimba. Mama mwenyekiti wa kwaya akanitumia malipo ya awali kwa M-Pesa, nami nikazituma moja kwa moja Mombasa kwa dada mmoja ambaye huninunulia vitambaa Biashara Street kwa bei ya jumla. Nimefanya kazi na dada huyo miaka na miaka, na hatujawahi kukosana hata kwa senti.

Dada akanunua, akafunga, akapeleka kwa kampuni ya kusafirisha vifurushi. Akanitumia picha ya risiti kwa WhatsApp na kuniambia, "Kesho jioni utakuwa nao." Kesho jioni ikapita. Nikapiga simu, wakasema gari limechelewa. Nikapiga tena, wakasema mzigo umeingia Nairobi, unapangwa. Mwishowe nikaenda mwenyewe afisi yao ya mjini, nikapiga foleni. Kijana wa kaunta akatazama kompyuta, akanyamaza kidogo, akaigeuza skrini upande wake zaidi kana kwamba nitasoma siri, kisha akasema, "Mama, mzigo wako ulishafika Pipeline." Nikamwambia mimi ndiye ninayekaa Pipeline na hakuna aliyenipigia simu. Akasema, "Pipeline ya Nakuru."

Mjomba, miguu iliniishia nguvu, nikakaa kwenye benchi lao.

Tangu hapo nazungushwa. Nairobi wanasema niongee na Nakuru. Nakuru wanasema hawawezi kuurudisha bila idhini ya Mombasa kwa sababu ndiko ulikoandikishwa. Mombasa simu inaita mpaka inakatika, na siku ikishikwa naambiwa, "Tumeshawaeleza watu wa Nakuru." Halafu jana akanipigia kijana kwa nambari nisiyoijua, akajitambulisha kuwa ni mtu wao wa bodaboda huko Nakuru, akataka nimtumie nauli autie mzigo kwenye matatu leo hii. Sijatuma, lakini kusema kweli niko karibu kutuma.

Dada wa Mombasa nimemweleza, naye amekuwa mkali ghafla. "Mimi nilishatuma. Nikishapewa risiti kazi yangu imekwisha." Maneno hayo yameniuma kuliko mzigo wenyewe. Ile picha ya risiti nimeitazama mpaka macho yamechoka, lakini kidole chake gumba kimefunika pale chini panapoandikwa mzigo unakokwenda. Naona "PIPEL", halafu naona kucha yenye hina. Nimemwomba anipigie picha nyingine, anasema risiti iko kwenye mkoba mwingine.

Mama mwenyekiti naye ameanza kusema mbele ya watu kwamba nimekula pesa za kwaya. Mazoezi yao ni Alhamisi jioni, na nasikia Alhamisi hii wataamua kama wanidai pesa zao au wanipeleke kwa chifu. Pesa zenyewe ziko ndani ya vitenge, na vitenge viko Nakuru. Je, nifunge safari niende? Nani anapaswa kunilipa, kampuni au dada? Na huyu mama nimwambie nini?

Fundi wa Pipeline

*

Marahaba, mpwa wangu.

Nianze na yule kijana wa bodaboda, maana ndiye anayeweza kukuponza kabla hujamaliza kusoma. Usimtumie hata shilingi. Huenda ni mfanyakazi kweli, huenda siye. Kwako ni mamoja. Lebo iliyobandikwa kwenye mzigo ina jina lako, nambari yako ya simu na mtaa wako, na yeyote aliyepita karibu na rafu anaisoma. Kwa hiyo kujua habari zako si ushahidi kwamba katumwa. Kama yapo malipo halali, yatapitia nambari ya biashara ya kampuni, ile iliyochapwa kwenye risiti na kubandikwa kaunta, na utapewa stakabadhi yake. M-Pesa hukuonyesha jina la anayepokea kabla hujathibitisha. Likitokea jina la mtu binafsi, ghairi.

Sasa hicho kidole gumba chenye hina. Kesi yako yote iko chini yake, na nashangaa kwamba kati ya watu wote waliokupigisha simu huku na huko, hakuna aliyekuomba umsomee risiti inasemaje.

Pipeline yako iko Embakasi. Pipeline nyingine iko Nakuru, pale barabara kuu inapoingia mjini ukitokea Nairobi. Nchi hii imejaa majina pacha ya namna hiyo. Kayole iko Nairobi na iko Naivasha. Majengo yako Nairobi, yako Mombasa. Milimani ni karibu kila mji wenye kilima na watu wenye pesa. Hata Biashara Street unayoisema wewe ya Mombasa, Nairobi nako ipo yake, na nitairudia baadaye kwa sababu huenda ikakufaa. Sasa mfikirie mpangaji wa mizigo usiku, magunia yamemzunguka, dereva anapiga honi, na kila gunia lina neno moja lililoandikwa kwa kalamu nene. Akikutana na "PIPELINE" bila mji, hapo anabahatisha tu. Mzigo wako ulipita Barabara ya Mombasa, jirani kabisa na kwako, ukaendelea na safari ya kilomita kama 160 zaidi kwenda kulala kwa watu wasiokujua.

Kwa hiyo chini ya kile kidole kunaweza kuwa na moja kati ya mambo matatu. Ikiwa pameandikwa Pipeline, Embakasi, Nairobi, kosa ni la kampuni na hawana pa kujificha. Ikiwa pameandikwa Pipeline tu, dada na karani wa Mombasa wanagawana lawama: mmoja hakutaja mji, mwingine hakuuliza, na kuuliza ndiyo kazi yake. Na ikiwa pameandikwa Nakuru, kuna mtu alitamka au alisikia visivyo, na anayeweza kueleza hilo ni dada, kwa sababu risiti alipewa yeye na alipaswa kuisoma kabla hajaondoka kaunta. Huo mkoba mwingine usiopatikana, nina shaka nao kidogo. Naona dada ameshaisoma hiyo risiti na anajua kilichoandikwa.

Lakini usimrukie. Aliposema kazi yake imekwisha hakusema uongo mtupu. Sheria yetu ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inachukulia kwamba muuzaji akishamkabidhi msafirishaji bidhaa za kumpelekea mnunuzi, ni kama amemkabidhi mnunuzi mwenyewe, isipokuwa kama mlikubaliana vingine. Hapo yuko sawa. Ila sheria hiyo hiyo inamtaka muuzaji afanye mapatano ya kuridhisha na msafirishaji kwa niaba ya mnunuzi. Asipofanya, na mzigo ukapotea au kuharibika njiani, mnunuzi anaweza kukataa kuhesabiwa kwamba amekabidhiwa. Kutaja mtaa bila kutaja mji, wakati mitaa ya jina hilo ni miwili, mimi sioni kama kunaridhisha. Na kama yeye si muuzaji hasa, bali ni wakala anayekununulia kwa pesa zako na kujitolea kitu kidogo juu, wakala naye anadaiwa uangalifu katika kazi ya aliyemtuma.

Hayo uyaweke moyoni kwanza, kwa sababu leo unamhitaji dada kuliko unavyomhitaji wakili. Aliyeingia mkataba na kampuni ni yeye. Jina lake ndilo liko kwenye nafasi ya mtumaji. Watu wa Nakuru wanaposema hawawezi kuuhamisha mzigo bila idhini ya kule ulikoandikishwa, kwa hilo hawakudanganyi, na utaratibu wenyewe unakulinda. Ingekuwa kila anayepiga simu na kutaja jina lako anaweza kuuelekeza mzigo kwingine, yule kijana wako wa bodaboda angeshauchukua zamani. Shida ni kwamba wote watatu wanakutupia wewe, mpokeaji, kazi ambayo mlango wake unafunguliwa na mtumaji.

Basi mpigie dada usiku ametulia, usimwandikie, mpigie. Usitaje nani kakosa. Mwambie hivi: "Dada, Nakuru wamekataa kuutoa mzigo mpaka mtumaji aseme. Naomba kesho asubuhi upite pale ulipoutuma, na risiti mkononi, uwaambie mzigo ni wa Pipeline Embakasi na mimi nimeruhusiwa kuuchukua kwa kitambulisho changu popote ulipo. Kisha unipigie picha ya risiti nzima, mbele na nyuma, wameniomba nambari yake." Hakuna uongo hapo. Umempa njia ya kurekebisha bila kukiri lolote, na mtu aliyepewa njia hiyo huwa hapotezi tena mikoba.

Picha ya nyuma ya risiti usiisahau. Huko ndiko kampuni huandika, kwa herufi ndogo kama sisimizi, kiasi cha juu watakacholipa mzigo ukipotea kama thamani yake haikutangazwa. Wafanyabiashara wetu wengi huandikisha mzigo wa maelfu kama "nguo" tu ili nauli iwe ndogo, na kampuni hukumbuka sana neno hilo siku ya madai. Kwa hiyo tafuta mapema na ushahidi wa bei: ujumbe wa M-Pesa wa siku uliyomtumia dada, na stakabadhi ya duka aliponunua.

Ukishapata nambari ya risiti, acha kupiga simu. Simu haziachi alama. Andika barua pepe moja, uipeleke kwa afisi zote tatu kwa pamoja, kila mmoja aone kwamba mwenzake ameiona. Iwe fupi:

"Mzigo nambari hii, uliotumwa Mombasa tarehe hii na mtu huyu, una vitenge vya thamani hii. Ulipaswa kufika Pipeline, Embakasi, Nairobi. Mmeupeleka Nakuru, na afisi yenu ya Nairobi imelithibitisha hilo. Vitenge hivi ni vya sare zinazohitajika kabla ya tarehe hii, na zikichelewa nitalazimika kumrudishia mteja pesa zake. Naomba mnijibu kwa maandishi kufikia kesho saa sita mchana: mzigo uko wapi, nani anausimamia, na nitaupata lini. Nakala ya risiti nimeambatisha."

Usitukane, usieleze ulivyolia. Na ile sentensi ya tarehe ya sare usiiondoe hata ukiona inarefusha. Mwaka wa 1854 huko Uingereza iliamuliwa kesi ambayo mawakili wetu bado wanaitaja, Hadley dhidi ya Baxendale, na ilihusu mzigo uliocheleweshwa kama wako. Wenye kinu cha nafaka mjini Gloucester walivunjikiwa krankshafti, ule mhimili wa chuma unaozungusha mashine, wakaikabidhi kwa wasafirishaji ipelekwe Greenwich iwe kielelezo cha kutengenezea nyingine. Ikacheleweshwa siku kadhaa na kinu kikakaa bure. Walipodai faida waliyokosa, mahakama ilikataa, kwa sababu msafirishaji hakuwa ameelezwa kwamba kinu kizima kimesimama kikingojea chuma kile. Msingi huo ndio unaofuatwa mpaka leo katika mahakama zilizorithi sheria za Kiingereza, zetu zikiwemo. Wewe hukuwa kaunta siku mzigo ulipotumwa, kwa hiyo faida ya kazi ya kwaya sidhani utaipata kwao. Ila thamani ya vitenge vikipotea, nauli iliyolipwa na gharama za kuufuata mzigo, hayo ni madai ya kawaida kabisa. Na kuanzia siku wanapoipata barua yako, hawawezi tena kusema hawakujua kinachongoja.

Nakuja kwenye swali lako la kwenda Nakuru. Wengi watakuambia usiende, kosa si lako, wao ndio waulete. Ni haki, lakini haki hiyo haishoni gauni. Mimi nasema nenda. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na hao watu umewapigia vya kutosha. Magari ya Nakuru yanatoka mjini kutwa nzima, safari ni kama saa tatu barabara ikiwa na huruma, na ukiondoka alfajiri unarudi siku hiyo hiyo. Lakini usiende kabla ya kuwa na vitu viwili: idhini ya dada iwe imeshaingia kwenye mfumo wao, na jina la mtu wa Nakuru aliyekuthibitishia kwa maandishi kwamba mzigo anao, ameuona kwa macho, hakuusoma kwenye kompyuta. Kompyuta ndiyo iliyosema umefika Pipeline, na kwa kweli ulikuwa umefika.

Ukifika, toa kitambulisho, na kabla hujatia sahihi popote omba gunia lifunguliwe pale pale kaunta. Watakuambia foleni ni ndefu. Mwache aliye nyuma yako asonye. Hesabu vipande kimoja kimoja, kunjua cha juu na cha chini utazame unyevu, kwa sababu gunia lililokaa sakafuni ghalani hunyonya maji kutoka chini na kitenge kikilala na unyevu kinatoa madoa ambayo hata kufua hakuyaondoi. Pakiwa na upungufu au doa, piga picha papo hapo na uandike kwenye karatasi yao, juu ya sahihi yako. Karatasi hiyo hiyo uandike pia kwamba umeuchukulia Nakuru kwa sababu kampuni iliupeleka kusiko, na kwamba unahifadhi haki ya kudai gharama. Tikiti za gari tia mfukoni.

Kama kampuni itajibu barua yako haraka na kukuahidi gari lao wenyewe litauleta kesho yake, wape hiyo siku moja. Zaidi ya hapo usiwape.

Kuhusu kudai, usianze na mahakama. Kampuni za vifurushi hapa nchini hupewa leseni na Mamlaka ya Mawasiliano, ile yenye makao makuu Waiyaki Way, na mamlaka hiyo hupokea malalamiko ya wateja. Watakachokuuliza kwanza ni kama uliilalamikia kampuni yenyewe na ikakujibu nini, na hapo ile barua pepe yako ndiyo itakayokusemea. Angalia pia kama jina la kampuni limo kwenye orodha ya wenye leseni. Wengine hapa mjini wana kaunta, sare na stika za magari, lakini leseni hawana. Ukitaka kuwakumbusha mahali unaposimama, Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mteja haki ya huduma ya kiwango kinachofaa na haki ya fidia kwa hasara inayotokana na kasoro. Sentensi moja ya hicho inatosha. Barua iliyojaa vifungu husomwa na mtu wa sheria wa kampuni, na huyo hana haraka.

Wakikataa kabisa, iko Mahakama ya Madai Madogo. Sheria yake ilipitishwa mwaka wa 2016, na mahakama yenyewe ilianza kazi Milimani hapa Nairobi Aprili 2021. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, yakiwemo ya mikataba ya bidhaa na huduma na ya kurudishiwa mali inayohamishika. Unaweza kujisimamia mwenyewe bila wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60 tangu kufunguliwa. Sikusukumi huko. Nakutajia ili ukiwa kaunta ya Nakuru usiongee kama mtu anayeomba msaada.

Mambo ya mbele nayapitia upesi. Mzigo wako ujao uandikwe mji kwanza, kwa herufi kubwa, kisha mtaa, kisha steji, kisha jina lako kama lilivyo kwenye kitambulisho na nambari mbili za simu, pande zote mbili za gunia. Na usimwelekeze karani wa Mombasa kwa alama zetu sisi wa hapa. Najua watu wa upande wenu mnavyoelekezana: "shukia Taj Mall". Jengo lile lilibomolewa mwaka wa 2018 na mpaka leo makanga wanaliita abiria wanashuka. Hapa tunaelewana. Mtu wa Mombasa atatafuta jengo ambalo halipo.

Sasa mama mwenyekiti, na hapa nitakuambia neno ambalo hutalipenda. Yeye hana mkataba na kampuni ya vifurushi, wala hamjui dada wa Mombasa. Pesa alikupa wewe. Sikukuu ikipita bila sare, anayedaiwa ni wewe, hata kama umeonewa kuanzia Mombasa hadi Nakuru. Utawadai hao wengine baadaye, lakini yeye hatakiwi kungoja matokeo ya kesi zako. Kwa hiyo asikusikie ukisema "pesa ziko kwenye mzigo" kana kwamba hilo linamhusu.

Lakini kula pesa ni jambo lingine, na hilo usikubali lisemwe tena. Mwonyeshe ujumbe wa M-Pesa: siku alipokutumia, na siku uliyozituma Mombasa. Mwonyeshe risiti. Mwonyeshe barua uliyoiandikia kampuni. Mtu aliyekula pesa hana karatasi za namna hiyo. Akitaka mwende kwa chifu, mwambie mko pamoja, utazibeba hizo hizo. Chifu ameona kesi za vyama na michango za kutosha kutofautisha mwizi na fundi aliyecheleweshewa kitambaa.

Kisha mpe tarehe, na iwe tarehe unayoiweza. Ukishapokea vitenge, kazi ya kikundi kizima itakuchukua muda gani na huyo msichana wako? Hesabu kurudi nyuma kutoka siku ya sikukuu, na siku hiyo unayofikia ndiyo mwisho wa kungojea. Mwambie: vitenge visipokuwa mkononi mwangu kufikia siku hii, mnachagua, nawarudishia pesa kwa awamu tutakazoandikiana, au nawanunulia kitenge kingine hapa Nairobi. Na kabla hujaenda kumwona, pita Biashara Street yetu ya mjini na maduka ya Eastleigh ukiwa na picha ya ule mchoro kwenye simu. Vitenge huingia nchini kwa wingi na mchoro mmoja husambaa maduka mengi. Usishangae ukikuta samawati na maua ya manjano umbali wa nauli ya matatu moja. Ukiupata, uliza bei na kiasi walichonacho, usinunue bado. Utakwenda kwa mama mwenyekiti ukiwa na jibu la pili mfukoni.

Wakati huohuo kazi isilale. Chukua vipimo vya wanakwaya wote sasa, kata karatasi za mikono na kola, nunua uzi na vifungo, mwache msichana aandae bitana. Wanakwaya wakipimwa wanaona kuna kazi inaendelea, na maneno yanapungua yenyewe.

Umesema mazoezi ni Alhamisi. Usimngojee mama mwenyekiti akuite mbele ya kwaya nzima. Nenda kwake Jumatano jioni, nyumbani, na zile karatasi zako, na mkanda wa kupimia shingoni.